Mwaka Tulioigiza kwa Kunong'ona

Madam Rodah aliacha wosia mmoja tu, na aliutoa kwa mdomo, akiwa kitandani, huku binti yake akimkanda miguu: kwenye mazishi yake kusiwe na spika. Ukiwa umewahi kuhudhuria mazishi huku kwetu Bonde la Ufa unajua ombi hilo ni zito kiasi gani. Huku kwetu mazishi yanaweza kukosa mchungaji, yakakosa hata chai, lakini spika lazima ziwepo, tena kubwa, zimeelekezwa kwa yule jirani ambaye hakupatana na marehemu. Na mimi ndiye niliyeombwa kusimamia shughuli. Kazi yangu ni MC. Kuanzia Free Area hadi Molo, harusi, mahafali, uzinduzi wa zahanati, ukisikia mwanamke anawaamrisha watu wa tenti ya bluu wasimame wawapungie wa tenti ya kijani, huyo ni mimi. Sauti yangu imenilisha, imenijengea nyumba, na mume wangu husema imempunguzia masikio. Kwa hiyo Naomi, binti ya Madam, aliponipigia simu, nilidhani msiba umemchanganya.

"Anti Chebet, wewe ndio utashikilia programu. Lakini hakuna kutumia spika."

"Hakuna kutumia nini?"

"Spika. Mum alikataa kabisa. Hata maiki hataki."

"Sasa Naomi, watu watasikia aje? Huko kwenu Elburgon kuna viwanda za mbao kila kona, hata jogoo wa huko anawika kwa nguvu ndio asikike."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema wewe utajua."

Niliweka simu mezani, nikaenda jikoni kupika chai, nikaisahau motoni ikamwagika yote, kwa sababu sikuwa tena kwangu Free Area. Nilikuwa nimerudi maktaba ya Madam, katika chumba cha nyuma, ule mwaka baada ya kumaliza Form Four.

Habari za wazazi wangu nitaziruka. Wengi wa wahusika wangali hai na wanajua kusoma. Inatosha ujue kwamba mwaka huo nilikuwa nikikaa kwa shangazi yangu, Section 58, katika nyumba yenye sebule ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Makochi yalifunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, juu ya vitambaa kukawa na karatasi ya plastiki, na juu ya plastiki macho ya shangazi. Sisi binadamu tuliishi jikoni. Ni huko jikoni, nikiwa nyuma ya mlango nachambua maharagwe, nilipomsikia akimweleza jirani yake, Mama Kevo, shida aliyokuwa nayo, na shida yenyewe ilikuwa mimi.

"Si msichana mbaya," shangazi alisema. "Anafua, anapika. Lakini hana sauti. Namtuma kwa duka anarudi mikono mitupu, ati mwenye duka hakumsikia. Kanisani akiitwa kutoa ushuhuda, watu wanafunga macho wakidhani ni maombi ya kimya. Sasa mtu kama huyo utampeleka kazi gani?"

"Labda unesi," Mama Kevo akasema. "Wagonjwa wanapenda watu wanyamavu."

"Alama ziko wapi? Nimeongea na ndugu yangu ako na kiwanda ya mbao Elburgon. Anataka mtu wa kupikia wafanyakazi. Huko msumeno inalia asubuhi mpaka jioni, hakuna mtu anasikia mwingine. Huko atatoshea. Jiko ikiisha kujengwa, anaenda."

Sina ubaya wowote na Elburgon. Ni mji mzuri, una baridi ya heshima na viazi vya maana. Lakini pale nyuma ya mlango niliyaona maisha yangu yote: sufuria ya githeri kubwa kama pipa, vumbi la mbao kwenye nywele, na hakuna mtu hata mmoja atakayewahi kujua kama nilikuwa na la kusema. Nililia, tena kwa sauti ya chini kama ilivyokuwa kawaida yangu, na shangazi hakusikia.

Kwa hiyo kila asubuhi, nikishaosha vyombo, nilikimbilia maktaba. Ilikuwa mahali pekee mjini Nakuru ambapo kukosa sauti kulihesabiwa kuwa tabia njema. Mkutubi mkuu alikuwa Madam Rodah, mwanamke mfupi, mwenye sweta la kijani alilolivaa mwaka mzima, jua liwake mvua inyeshe, na mwenye "shhh" ambayo mpaka leo sijapata kusikia mfano wake. Haikuwa kali. Ilikuwa ndefu. Ilitoka mezani kwake, ikapita taratibu kwenye rafu za jiografia, ikakukuta ulipo, na hata kama hukufanya kosa ukajiona mkosaji. Nilimwona kwa macho yangu polisi mzima, na magwanda yake, akimeza kikohozi mpaka machozi yakamtoka. Siku moja Madam alisimama mbele yangu akaniangalia.

"Wewe msichana, hiyo gazeti unaisoma mara ya ngapi?"

"Ya tatu, Madam."

"Nini?"

"Ya tatu."

"Sijasikia, lakini si kitu. Enda hapo nyuma. Kuna vijana wameandika mchezo na wamekosa mwanamke. Jana nimepata mmoja anajifunga leso. Sikupenda."

Chumba cha nyuma kilikuwa kimekusudiwa kuwa kitu fulani ambacho hakuna aliyekumbuka. Jumamosi asubuhi watoto walichora humo, ndiyo maana ukuta mzima ulijaa ndovu wa rangi ya zambarau na kulikuwa na harufu ya gundi isiyokwisha. Jumatano kina mama walikaa humo wakashona vitambaa na kuwasema waume zao kwa utaratibu mzuri. Siku zilizobaki zilikuwa za kundi la maigizo. Kilikuwa na dirisha moja la kutazama ua wa maktaba, viti vya kuazima, na kasoro moja kubwa: kilitengwa na ukumbi wa kusomea kwa plaiwudi tu, na plaiwudi yenyewe haikufika darini. Ukipiga chafya huku, mtu wa upande wa pili anakuombea afya. Kwa hiyo Madam alikuwa ametoa sharti moja. Mchezo tuufanyie mazoezi humo tupendavyo, mradi iwe kwa kunong'ona.

Mkubwa wetu alikuwa Njoroge, kijana wa Free Area aliyeuandika mchezo, akauongoza, na akajipa nafasi ya kuwa ng'ombe. Asubuhi alifanya kazi kwenye kinu cha posho, na watu wa kinu hawajui kuongea, wanajua kupiga kelele. "CHEBET, NIAJE!" alinisalimu siku ya kwanza, na papo hapo "shhh" ikapanda juu ya plaiwudi ikamshukia kichwani. Kunong'ona kulimtesa mno. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho yakamtoka, na sauti yenyewe ikatoka kama hewa inayokimbia kwenye tairi. Chifu alikuwa Salim, mtoto wa familia ya Kiislamu iliyokuwa na duka la vitambaa mjini, mtanashati, mwenye Kiswahili kilichotufanya sote tuonekane tumetoka msituni. Mjane alikuwa mama mmoja wa lile kundi la Jumatano, aliyeingia kuazima kiti akajikuta amepewa machozi ya kulia. Na mimi nikawa mke wa chifu.

Mchezo ulikuwa rahisi. Ng'ombe wa chifu anaingia shambani kwa mjane, anakula mahindi yote. Kijiji kizima kimeona. Lakini siku ya baraza, chifu anauliza nani ana ushahidi, na watu wote wanaangalia viatu vyao. Ndipo mke wa chifu anasimama, anamtazama mumewe usoni, na kutamka maneno ambayo Njoroge aliamini yangeitikisa serikali: "Mkinyamaza nyote, mimi nitasema!" Hayo ndiyo maneno niliyopewa mimi, msichana ambaye mwenye duka hakumsikia akiomba chumvi. Nilipoyanong'ona mara ya kwanza Njoroge aliweka mikono kichwani kwa furaha. "Huyu amezaliwa kwa hii kazi," alinong'ona. Na kweli, katika kundi lile sote tulikuwa hatuna sauti, kwa hiyo mimi nilikuwa sawa na wengine, na pengine mbele yao kidogo kwa sababu ya mazoezi ya miaka mingi.

Tulipiga hatua mpaka kunong'ona kukawa ufundi. Tulijua kufoka kwa kunong'ona, kulia kwa kunong'ona, na kucheka kwa kutikisa mabega. Vigelegele tulivipiga kwa ulimi bila pumzi. Ngoma tuliipiga juu ya sweta lililokunjwa. Ng'ombe wetu alikuwa ndiye ng'ombe pekee wa Bonde la Ufa aliyelia kwa siri. Kula pia ilibidi tujifunze upya, maana chakula kilikatazwa maktaba nzima. Mama yake Salim alimpakia mahamri ya jana ndani ya taulo, na mahamri ni chakula chenye adabu, hakipigi kelele mdomoni. Lakini siku moja Njoroge alileta mahindi ya kuchoma. Tulijaribu kutafuna taratibu, kwa zamu, mmoja akitafuna wengine wakisikiliza, na haikusaidia. Kutoka upande wa pili wa plaiwudi ikaja sauti tuliyoiogopa kuliko hata "shhh" ya Madam: ngo, ngo, ngo.

Huyo alikuwa Mzee Koros. Alistaafu kutoka reli, na tangu astaafu alihamia kwenye kiti cha kwanza kilichoegemea plaiwudi yetu, gazeti mkononi, fimbo kati ya magoti. Hakutusemesha hata siku moja. Tukikutana naye mlangoni tulisema "Shikamoo, Mzee," akatuangalia kama treni iliyochelewa, akapita. Lakini tukiwa ndani, mazoezi yakikolea, fimbo yake iligonga ukuta, ngo ngo ngo, nasi tukapunguza sauti. Wiki iliyofuata akagonga tena, tukapunguza tena. Kufikia katikati ya mwaka tulikuwa tumepunguza mpaka ukawa mchezo wa kusoma midomo. Mjane alilia kwa nyusi. Na bado fimbo iligonga, tena kwa hasira zaidi.

"Huyu mzee anataka tufanye nini?" Salim alininong'onezea sikioni. "Tufe?"

Faida ya kimya kile ni kwamba tulisikia kila kitu cha upande wa pili. Tulijua nani anajiandaa kwa mtihani na nani anajiandaa kuoa. Na ndivyo tulivyomsikia mwenyekiti wa kamati ya maktaba siku aliyokuja kuongea na Madam karibu na plaiwudi. Alikuwa mtu mwenye viatu vinavyolia, hata akisimama vilikuwa kama vinataka kusema kitu.

"Rodah, hicho chumba nakitaka kiwe stoo. Viti zimevunjika ziko kwa korido, magazeti ya zamani yamejaa mpaka choo."

"Kiko na watu, mwenyekiti. Kiko na watoto, kina mama, na hao vijana wa drama."

"Drama gani? Nimekaa hapa tangu saa nne sijasikia hata neno moja. Hao wanafanya mazoezi ya nini? Ya kulala?"

Njoroge alifungua mdomo chini ya blanketi la ng'ombe. Tulimkalia.

"Nipe mpaka siku ya wazi," Madam alisema. "Watu wa mji watakuja. Hao vijana wakifanya kitu cha maana, chumba kinabaki. Wasipofanya, nitakupea funguo mwenyewe."

"Haya. Lakini nimeona wengi wa kupoteza wakati, Rodah."

Jioni hiyo nilifanya kosa la kumsimulia shangazi, nikidhani atanihurumia. Alikuwa anakaanga mboga. Alizima jiko ndipo akanijibu, na shangazi hakuwa mtu wa kuzima jiko ovyo. "Hiyo ni sawa kabisa," akasema. "Ndugu yangu amemaliza jiko yake juzi. Hao watu wa maktaba wakichukua chumba yao, kesho yake unapanda gari ya Elburgon. Wakikuachia, tutaona." Kwa hiyo usiku huo nililala nikijua hesabu yangu: chumba kikifungwa, nami nimefungwa. Sikuwa na mtu wa kumlilia, nikayanong'onea maneno yangu kwenye mto mpaka yakanitoka bila kufikiri.

Nimekuwa MC kwa muda mrefu, nimeona keki ikianguka, nimeona bwana harusi akikosea jina la bibi harusi, lakini sijawahi kuona shughuli ikiharibika kwa namna ya siku ile ya wazi. Watu walikuja. Walikuja kupita matarajio ya Madam, na wengi walifuata soda. Chumba hakikutosha hata nusu yao, na mwenyekiti, kwa uso mwema kabisa, akasema mchezo utolewe nje uani. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwaza kuhusu nje. Ua ule ulitazamana na barabara. Kulikuwa na makanga wakiita abiria, mama wa ndizi, na ng'ambo ya barabara duka la kaseti lililokuwa na spika mbili mlangoni, zikiimba kwa zamu ya kutopumzika. Mstari wa mbele alikaa mwenyekiti na viatu vyake, na kando yake shangazi yangu, amevaa hereni za kwenda harusini. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeona begi langu likiwa tayari kando ya mlango wa jikoni. Nyuma kabisa, kwenye benchi waliyoibeba kutoka ndani, walikaa wasomaji wetu wa kila siku, Mzee Koros katikati, fimbo kati ya magoti.

Tukaanza. Na tukaanza jinsi tulivyojua. Ng'ombe aliingia shambani, akala mahindi, akalia kwa siri. Mjane akatoka, akaona hasara, akalia kwa nyusi. Salim akaja kwa mwendo wa chifu, akahutubia kijiji, na midomo yake ilikwenda vizuri sana. Watu walidhani ni utangulizi. Baada ya muda wakaanza kugeukiana. Njoroge ndiye aliyegundua kwanza, kutoka chini ya blanketi nilimsikia akihema, "Sauti! Toeni sauti!" Lakini alisema kwa kunong'ona, kwa sababu naye, mtu wa kinu, alikuwa amesahau. Tulikuwa tumeufundisha mwili mchezo huo bila sauti mwaka mzima, na sasa mwili ulikataa kujua namna nyingine.

"Hatusikii!" mtu akapiga kelele.

"Hawa ni mabubu ama?"

"Soda ziko wapi?"

Mwenyekiti hakucheka. Alifanya vibaya zaidi, alitazama saa yake. Baraza la kijiji likakaa, chifu akauliza kwa midomo nani ana ushahidi, kijiji kikaangalia viatu, na zamu yangu ikafika. Nilisimama. Nilimwona shangazi akiweka mkoba wake begani, tayari kuondoka. Akilini niliona begi langu mlangoni, nikaona sufuria ya githeri. Nikafungua kinywa changu, na kilichotoka kilikuwa pumzi yenye maneno, ambayo hata chifu, mume wangu wa mchezoni, aliyesimama mbele yangu, hakuipata.

Ndipo kutoka nyuma kabisa, kwenye benchi ya wasomaji, sauti nzito ya reli ikasema, polepole, kila neno mahali pake:

"Mkinyamaza nyote, mimi nitasema!"

Ua mzima uligeuka. Mzee Koros alikuwa amesimama, fimbo juu. Na kabla mtu hajauliza, yule kijana wa mtihani, kando yake, akajibu kwa sauti ya chifu, "Keti chini, mwanamke! Huyu ni ng'ombe wa serikali!" Na msichana mmoja aliyekuwa akija kusomea unesi, ambaye sikujua hata jina lake, akaanza kulia kilio cha mjane, chote, mpaka ile kwikwi ya mwisho. Walikuwa wanaujua. Wote walikuwa wanaujua mchezo wetu kutoka mwanzo hadi mwisho, wameusikia kupitia plaiwudi kabla hatujafikia kusoma midomo, wamegawana nafasi, na kila mmoja ana mtu wake. Watu walianza kupiga makofi. Mzee Koros alisafisha koo akajiandaa kuendelea na sehemu yangu, ile hotuba ndefu kuhusu mahindi, ambayo niliisomea kwenye mto, ambayo nililala nayo na kuamka nayo, na uso wake ulionyesha wazi kwamba anaipenda na hana nia ya kuiachia.

Sijui niseme ni nini kilichonipanda. Woga uliniisha, ikabaki hasira tupu. Nilinyoosha kidole juu ya vichwa vya watu wote wale na nikapiga kelele ambayo mama wa ndizi aliniambia baadaye aliisikia akiwa amekwenda kujisaidia:

"MZEE! HIYO NI YANGU!"

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Makanga waliacha abiria wakaja kuangalia. Mwenyekiti alijikuta amepigwa kofi la mgongo na shangazi, ambaye alikuwa akicheka bila kujua anampiga nani. Ng'ombe alikuwa chini, hawezi kuinuka. Ilikuwa kelele ya kuezua mabati, na katikati ya kelele hiyo, mlangoni, Madam Rodah, ambaye nadhani hakufikiri kabisa, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amesikia kelele na kufanya kitu kimoja tu, aliinua kidole mdomoni.

"Shhhhh."

Ikatoka mlangoni, ikapita uani, ikavuka barabara. Watu walinyamaza kana kwamba wamefunikwa. Makanga wakanyamaza. Mwenye duka la kaseti, ambaye alikuwa amesomea mitihani yake yote chini ya Madam, alizima spika zake mbili bila kuambiwa. Nilisikia mlio wa ndege mmoja tu juu ya paa. Na katika kimya hicho, ambacho sitakipata tena hata nikiwa na maiki kumi, nilimgeukia Salim, nikamwangalia usoni, na nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, wala haikuhitaji kuwa kubwa:

"Mkinyamaza nyote, mimi nitasema."

Tukaenda hivyo mpaka mwisho, sisi mbele na benchi ya nyuma ikitukumbusha tuliposahau. Tulipomaliza mwenyekiti alisimama kusema neno la shukrani na viatu vyake vikasema kabla yake. Alisema chumba kitafikiriwa. Mzee Koros hakumngoja amalize.

"Kifikiriwe nini? Mkiweka stoo hapo, mimi nitakuwa nakuja kusoma gazeti na nani?"

"Lakini Mzee," Njoroge alisema, blanketi bado mabegani, "si wewe ndio ulikuwa unagonga ukuta tunyamaze?"

"Mnyamaze?" Mzee Koros alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Kijana, masikio yangu yameharibiwa na treni. Nilikuwa nagonga muongeze sauti! Nagonga, nyinyi mnapunguza. Nagonga, mnapunguza. Mwaka mzima! Mwanzo nimeshika, lakini mwisho wake hata sijui kama huyo ng'ombe alipona."

Chumba kilibaki. Kamati iliamua plaiwudi ibaki pia, ila kipande cha juu ya kiti cha Mzee Koros kikatolewa. Shangazi alitembea nami mpaka nyumbani, na tulipofika alilichukua lile begi kando ya mlango, akalifungua, akarudisha nguo zangu moja moja kwenye kabati. "Kumbe ulikuwa nayo," akasema. Tangu siku hiyo alinituma kubishana na kila mtu mtaani, kuanzia fundi wa bomba hadi watu wa mazishi, na ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Na Madam Rodah, nilipomfuata kumshukuru, alikuwa anapanga viti. "Jumanne kama kawaida," aliniambia. "Na ni kwa kunong'ona."

Juzi basi tukamzika. Elburgon ilikuwa na ukungu na harufu ya mbao mbichi. Salim alikuja na kofia yake na kikapu cha mahamri, ameoa, amepata wajukuu, bado Kiswahili chake kinatuaibisha. Njoroge alikuja na fimbo kwa sababu ya goti, na sikio moja ambalo kinu kilimaliza. Tulikumbatiana, na Salim akaona machozi yangu akatazama pembeni. Kisha Naomi akaniita mbele, nikasimama kando ya jeneza, mikono mitupu, mbele ya tenti nne zilizojaa. Unajua tenti za nyuma kwenye mazishi. Huko ndiko mashamba huuzwa na siasa hupangwa, kwa sababu spika zinawafikishia yote na hawana haja ya kusikiliza. Nilivuta pumzi ya MC. Nikamwona Madam kwenye picha juu ya jeneza, na sweta lile la kijani, na sauti ikanikimbia kama siku ile uani. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

"Sauti, mathe!" kijana mmoja akaita kutoka nyuma.

Sikuwa nayo. Niliendelea kunong'ona, nikiwaeleza Madam alikuwa nani. Na nikaona mtu wa tenti ya nyuma amesimama, ameshika kiti chake cha plastiki, anakuja mbele. Akaja mwingine. Wakaja wote, na viti vyao, wakiacha siasa zao na mashamba yao, wakakaa kando yetu, karibu na Naomi, karibu hata na jeneza, wakinyoosha shingo ili wasikie. Sijawahi kumwona marehemu akizungukwa namna ile. Naomi alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa kumwonyesha kwamba nimejua kwa nini mama yake alikataa spika.

Halafu kiwanda cha jirani kikarudi kutoka chakula cha mchana. Msumeno ulianza kulia ng'ambo ya ua, na mnong'ono wangu ukapotea ndani yake. Niliona midomo ya watu ikiuliza, "Anasema nini?" Nilitaka kukaa chini, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kukaa.

Nyuma ya watu kulikuwa na rundo la mbao. Nikasikia fimbo ya Njoroge ikiligonga: ngo, ngo, ngo.

Safari hii sikupunguza.